Mazoezi ya Refa Mansuri

"Nilikuomba unitukane mimi, Mama Firdausi, si ugali wa mke wangu!"

"Kwani uwanjani utawachagulia cha kutukana?" Mama Firdausi alijibu toka upande wake wa ua, mikono imejaa unga wa maandazi. "Mashabiki wa Kitahana wakikuanza Jumamosi, ugali watauonea haya?"

Mansuri akanywea. Mechi iliyopita, kule Makere, alizomewa mpaka mdomo ukamkauka na filimbi ikagoma kulia. Penalti ya wazi ikapita hivihivi. Wakubwa wa waamuzi wakamwambia: fainali ya Kibondo ndiyo ya mwisho, ukishindwa tena, rudisha filimbi, ubaki na duka lako la vitenge. Ndipo alipomwangukia jirani, mdomo unaoogopwa Kasulu nzima, awe anamtukana kila asubuhi ili azoee.

Mtaa uliponusa, ua ukajaa. Mzee Stanislaus alikuja na kigoda chake. Pascasie, Mkongo aliyekuwa akipitisha sombe, kisamvu cha kwao, akatua beseni: "Arbitri, macho yako uliiacha wapi?" Hata mkewe, Shadia, alitoka jikoni na mwiko. "Kipofu! Soksi zako tu huzioni!" Mansuri akapuliza, prii, bila kutetemeka.

Jumamosi, Makere na Kitahana uwanjani Kibondo, aliitwa mwizi, mbuzi, mla rushwa. Akawa kama mtu anayenyeshewa na manyunyu. Dakika za mwisho beki wa Makere akaudaka mpira kama papai linaloanguka. Penalti!

Hapo Kitahana wote wakasimama. "Refa safi! Mungu akuzidishie!"

Jamani. Hilo hakulifanyia mazoezi. Mate yakakauka. Mpigaji anangoja, kipa anangoja, filimbi inatoa pumzi tupu. Mansuri akatimka hadi pembeni, alikosimama Mama Firdausi, aliyemsindikiza toka Kasulu.

"Nitukane, dada yangu!"

"Nakutukanaje, Baba Shamsi, na umechezesha vizuri hivi?" Mama wa watu alikuwa analia kwa fahari.

"Nitapoteza filimbi!"

Akafuta machozi, akavuta pumzi, akaachia sauti iliyofika sokoni: "Ugali wa mkeo mbichi! Hata kuku wangu wameususa!"

Hasira zikampanda Mansuri. Priii! Bao. Mkubwa wa waamuzi akamwonyesha dole gumba: filimbi ni yako.

Lakini maneno ya Kibondo hayapandi Fuso, yanapaa. Waliposhuka Kasulu jioni ile, Shadia alikuwa mlangoni, mwiko mkononi, na nyuma yake sufuria la ugali linafuka moshi.

"Mume wangu, hongera, pisha njia," alisema. "Mama Firdausi, karibu ndani. Nawa mikono, ukae hapa mbele yangu, ule."