Mdhamini wa Jescah Nabwire

Jumatatu ya mwisho ya Agosti 1996, saa tatu kasorobo asubuhi, Jescah Nabwire alikuwa wa nne kwenye foleni ya benki moja mjini Kakamega. Alivaa viatu vyake vya kanisani. Mkobani alikuwa na picha mbili ndogo, barua ya chifu, barua ya hospitali ya misheni alikokuwa muuguzi, na kadi ya mgeni iliyosema kwamba alizaliwa Tororo, Uganda, na kwamba aliruhusiwa kukaa.

Hospitali ilikuwa imeacha kulipa kwa bahasha. Kuanzia mshahara wa Septemba, asiye na akaunti angehesabiwa kuwa ameacha kazi. Jescah alikuwa na kazi hiyo tangu mwaka 1978, wala hakuwa na nyingine. Tena, tusifiche, alikitamani kile kijitabu cha benki chenye jina la mtu kwenye jalada.

Karani Andati, mtu mpole mwenye tai ya kijani, alisoma karatasi zote.

“Mama, hii kadi ni ya wageni,” alisema.

“Ni yangu.”

“Mgeni mwenye ameolewa anadhaminiwanga na bwana yake. Ndiyo sheria ya hapa.”

“Bwana yangu Osundwa alifariki miaka tano imepita. Tulimzika Khwisero.”

Andati alifungua daftari kubwa, akashusha kidole. “Pole sana. Lakini akaunti yake iko wazi bado. Akuje tu na kitambulisho.”

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jescah alipewa jembe Khwisero zamani sana, akalilimia mpaka likaisha, akanunua jingine. Benki ilikuwa haijapata habari.

Kuhusu kitambulisho, mambo yalikuwa hivi. Siku ya mazishi shemeji zake walimvisha marehemu suti ya kahawia kwa haraka, mvua ikitisha, na hakuna aliyepekua mifuko. Kitambulisho kikazikwa naye. Chifu alipokidai ili kifo kiandikwe, hakikuwapo cha kurudisha, na bila cha kurudisha hakuna kifo kilichoandikwa. Kwa serikali, Osundwa alikuwa mzima, ila haonekani.

Jumamosi adhuhuri Jescah alichinja kuku. Katika nyumba za Khwisero firigisi ni ya mwenye boma, na mwanamke haitii mdomoni. Miaka mitano hakuchinja kuku kwake, maana firigisi angempa nani? Sasa aliitenga peke yake kwenye sahani, akaiweka mbele ya kiti cha mumewe, akaenda mlangoni na kuita kwa jina la binti yao aliyeolewa Chekalini, kama alivyoita siku zote.

“Baba Maurine, obusuma inapoa.”

Osundwa alitokea upande wa migomba akijipangusa udongo kwenye ukosi. Akanawa mikono, akala firigisi kwanza, kisha ugali. Alikuwa amekonda kidogo. Jescah alimweleza shida yake, naye akasikiliza akitazama sahani.

“Nilikuwa nataka kukuandikisha uraia,” alisema. “Kila mwaka nikawa nasema tuvune kwanza.”

“Ulikuwa unasemanga.”

“Na mahindi yenyewe haikuwa mingi.”

Jescah alimpenda mtu huyu na alimkasirikia, yote mawili kwa kipimo kimoja. Akampigia suti pasi.

Jumatatu walisimama foleni pamoja. Mzee mmoja aliyewahi kulibeba jeneza la Osundwa alimsalimia na kumwuliza habari za huko. Osundwa akasema ni kutulivu. Andati alikipangusa kitambulisho, akalinganisha picha na uso, akaridhika.

Kisha akatoa uamuzi. Kwa kuwa bwana alikuwa raia, na akaunti yake ilikuwa wazi, mke mgeni hakuhitaji nyingine. Mshahara ungeingia kwa bwana. Bwana angekuja kila mwisho wa mwezi kutia sahihi.

“Na jina langu mtaandika wapi?” Jescah aliuliza.

“Hapa kando, Mama. Nitaandika ‘mke’.”

Hilo lilimuuma, na liliendelea kumuuma. Lakini kazi ni kazi. Kila mwisho wa mwezi alichinja kuku, na kila mwisho wa mwezi Osundwa alikuja, akala, akaenda naye mjini kutia sahihi kwa mwandiko uliozidi kulegea. Aliupokea mshahara wa mkewe kwa mikono miwili na kumkabidhi hapo hapo, macho yakiwa chini. Wateja walimpisha mbele kwa sababu ya hali yake. Desemba benki ilimpa kalenda.

Machi iliyofuata, Andati akigonga mhuri, Jescah alimwuliza jambo ambalo alikuwa amelifikiria njia nzima.

“Na mimi nikikufa, nitaweza kukuja kufungua yangu?”

Andati hakucheka. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri kazi yake ilivyomruhusu. Alitoa kitabu cha sheria kwenye droo, akatafuta ukurasa, akausoma mara mbili.

“Hapana, Mama,” alisema. “Marehemu wenye wanaruhusiwa ni raia.”

Jescah alishukuru. Akamshika Osundwa kiwiko, maana ngazi zilikuwa zimetoka kupigwa deki, wakashuka taratibu.