Mikono Mitupu Omoni

...na ngumi yangu bado iko juu, mkono umenyooka kama wa mtoto anayejua jibu darasani, na injini bado inavuta nyuma, simama Alden, simama basi, ngumi maana yake simama, tangu lini ngumi ikawa na maana nyingine kwenye mashua hii, mimi niko huku omoni, mbele kabisa ya mashua, mguu wangu uko juu ya mnyororo na kupitia soli ya kiatu nausikia, mwanzo ulikuwa unatetemeka, nanga ikiburutika kwenye matope, halafu ikauma, mnyororo ukanyooka ukatulia, imeshika, nimeshasema imeshika, nimesema kwa mkono kama tunavyosema siku zote, na yeye kule nyuma kwenye usukani ananitazama, ananitazama kabisa, uso wake umenielekea, na hapunguzi... labda anataka kuhakikisha, hapa Georgia maji yakipwa yanashuka kupita kimo cha mtu, na mkondo ukigeuka mashua zote zinageuka nao, si kosa kuvuta zaidi kidogo, lakini hii si kidogo, huu mnyororo umekaza mpaka unalia, akiendelea hivi ataing'oa nanga iliyokwisha kushika, na tutaanza upya mbele ya watu wote hawa waliokaa na bilauri zao wakitungoja tuwachekeshe, maana burudani ya jioni kwenye maegesho ya mashua ni hiyo tu, kutazama mume na mke wa mashua nyingine wakitia nanga... "Verna! Mmemwaga mnyororo kiasi gani?" huyo ni Ghislaine, mashua ya jirani, yeye na mumewe Réjean wametoka Quebec na tumefuatana nao tangu ghuba ya Chesapeake, wakitangulia wanatuwekea nafasi, tukitangulia tunawawekea, "Wa kutosha!" namjibu bila kugeuka, "Njooni mle kwetu, kuna pai ya nyama! Na mwambie huyo bwana wako aje ashike matope siku moja, mgongo ni wako wewe na nguvu ni zake, hii ni haki gani?" na Réjean anacheka kicheko chake cha kukohoa, "Usimsikilize, Verna, mimi mwenzio nimekuwa mtumwa humu!" kwao Ghislaine ndiye anayeshika usukani, Réjean ndiye anayevuta mnyororo na kurudi amepakaa tope jeusi mpaka kwenye nyusi, na kila jioni Ghislaine ananitania vivyo hivyo, na kila jioni namjibu kwamba Alden na usukani ni chanda na pete, na ni kweli, mtu aliyeendesha kivuko cha kisiwa chetu kule Maine maisha yake yote ya kazi, kwenye ukungu ambao hata shakwe walikuwa wanatembea kwa miguu, nitamwambia nini mtu kama huyo, sogea nishike mimi?

Ngumi. Naipandisha juu zaidi, nasimama kwa ncha za vidole, bega linaniuma, Alden ananitazama na kutikisa kichwa taratibu, anatikisa kichwa, ndiyo ndiyo, kama mtu anayeitikia hadithi asiyoisikia... ningepiga kelele, ni neno moja tu, lakini hatupigi kelele, tuliapa, mwaka ule wa kwanza tulipouza nyumba na kuhamia majini tulikuwa tukipigiana kelele kila tunapotia nanga, yeye haoni nanga ilipo na mimi sisikii kwa injini, "Nyuma!" "Nimesema kushoto!" "Kushoto kwa nani?" mpaka asubuhi moja mama mmoja mzee akapiga makasia kutoka mashua yake na kutuletea mikate ya moto ya matunda ya buluberi, akasema jamani poleni, nasi tukaona aibu ya kufa mtu, tukaketi pale pale na buluberi mdomoni tukatunga ishara zetu, mkono kando, elekea huku, kiganja wazi kurudi kwangu, vuta nyuma, ngumi, simama, imeshika, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na toka siku hiyo kimya, watu wanatusifu, eti tunatia nanga kama watu wanaosali, na ishara zikatoka majini zikatufuata nchi kavu, siku ya kumzika mama nilisimama mbele ya kanisa nikisoma, sauti ikanikatika, sikuweza kuendelea wala kukaa, nikainua macho nikamwona Alden kule benchi la mwisho alikokuwa amesimama kuwapokea watu, ameinua ngumi, simama, imeshika, nami nikafunga kitabu nikaenda kukaa... alikuwa anauona uso wangu wakati ule, kutoka benchi la mwisho, aliona machozi kabla sijayatoa, na leo urefu wa mashua tu, mtu angeweza kunirushia ndizi nikaidaka, na haoni ngumi.

Haoni. Nimesema nini mimi, nimesema haoni, ni namna ya kusema tu, nilikuwa na maana haangalii... lakini anaangalia. Jua liko nyuma yake, halimpigi machoni. Anaangalia na haoni, na ghafla mambo yanakuja yenyewe, siyaiti, yanakuja, kahawa ile ya Norfolk iliyomwagika kando ya kikombe, akasema ni wimbi la meli iliyopita na mimi sikukumbuka meli yoyote, na maboya, tangu tulipoingia kwenye njia ya ndani, ile ya mito na mifereji nyuma ya pwani, anasema nisomee namba, Verna, ya kijani ni ngapi ile, nisomee, ni zoezi zuri kwako, na mimi mjinga nikafurahi nikidhani ananifundisha, na ramani ya kwenye skrini ameikuza mpaka kijito kimoja kinajaza kioo kizima, na vitabu vyake ameviacha Maine, siku hizi anavisikiliza masikioni, na ile siku pale Charleston kwenye gati, alimshika mkono mama wa watu mwenye kofia nyekundu kama yangu, "Shika kamba hii, mpenzi," na yule mama akashika! akaishika kamba, tukacheka wote mpaka nikatoka machozi, nimekuwa nikiwasimulia watu kisa hicho kila mahali tunapotia nanga, kila mahali, naye anacheka pamoja nao, anaongeza chumvi mwenyewe, Mungu wangu, anaongeza chumvi... na namna anavyonitazama siku hizi, akigeuza kichwa upande kidogo, kama kuku, nikadhani ni shingo, nikampaka dawa ya kuchua, usiku baada ya usiku nachua shingo ya mtu asiyeumwa shingo.

Lakini juzi aliona. Jana aliona. Safari nzima, tangu majani yalipoanza kuwa mekundu kule kwetu, ngumi ikipanda tu injini inapunguzwa, hata Réjean alisema huyu mzee ana macho ya kozi, ndege mwindaji, kwa hiyo siyo, kwa hiyo najitia wazimu bure, jana iko tofauti gani na leo... glavu. Glavu zangu ziko pale, nimezianika kwenye reli, zinakauka, glavu kubwa za wavuvi wa kambakoche wa kule kwetu, rangi ya chungwa inayochoma macho, aliniletea mwisho wa kiangazi, nikamwambia Alden mimi sivui kambakoche, hizi ni za mtu mwenye mikono ya koleo, akasema mnyororo unakuchubua, vaa tu, vaa kila mara, niahidi, na mimi nikaona ni mapenzi, nikavaa, na leo ndiyo siku ya kwanza ya joto, joto lenyewe tulilolifuata, tangu asubuhi nimevua soksi nimevua sweta, na tulipokuwa tunaingia kwenye kijito hiki katikati ya majani marefu ya maji ya chumvi nikavua na glavu, mikono ilitaka jua, nikasema leo acha nishike mnyororo kwa mikono mitupu... Sitaki kujaribu. Nakunja ngumi, naikunjua, mkono mtupu bado uko juu, nampungia, namtolea ulimi, Mungu anisamehe, natoa ulimi wote mbele ya Ghislaine na pai yake, na mume wangu kule nyuma ananiinulia dole gumba. Anatabasamu. Tabasamu lile analowapa watu asiowakumbuka majina.

"Verna, vipi, umepatwa na nini?" Ghislaine, "Hakuna, dada, nanyoosha mdomo," na moyo unanidunda mpaka kwenye mguu ulio juu ya mnyororo, sijui tena ni nanga ninayoisikia au ni mimi... alijua. Alijua mwisho wa kiangazi, akaenda dukani akatafuta rangi. Hakwenda kwa daktari, au alikwenda asiniambie, hilo ndilo linaloniuma kuliko macho yenyewe, miaka yote hii chumba kimoja kisichozidi meza na kitanda, na mtu akapata mahali pa kuficha kitu. Nataka kumpiga. Nataka kumkumbatia nimpige nikiwa nimemkumbatia. Na kesho ni ule mlango mpana wa bahari, wenye mashua za kuvulia kamba wadogo zinazoburuta nyavu na mafungu ya mchanga yanayohama, tuvuke tuingie Florida, maboya yamesimama mbali mbali na nusu yake hayako mahali ramani inaposema, alikuwa anafikiria nini, kwamba nitamsomea namba mpaka lini, mpaka ile nisiyoiona na mimi? na Leanne asubuhi kwenye simu, mtoto niliyemzaa mwenyewe, "Mama, mtacheza mchezo huu mpaka mmoja wenu aanguke majini?" nikamwambia baba yako yuko imara kama gati, na akijua hili leo, mashua itauzwa kabla ya Krismasi, atatutafutia ile nyumba ya ghorofani aliyokwisha kuiona, dirisha linatazama maegesho ya magari na theluji iliyopigwa koleo, na Alden ataketi pale dirishani, kichwa upande kama kuku, akisikiliza vitabu. Mwaka mmoja. Hatamaliza mwaka. Na kama nikinyamaza nitamzika baharini, na kama nikisema nitamzika dirishani... mnyororo unalia tena, injini haijapungua, nanga ya watu itang'oka huku nimesimama nafikiri.

Mguu. Ninausikia mnyororo kwa mguu, sijauangalia hata mara moja tangu uzame, hakuna anayeuangalia, maji yenyewe ni chai ya rangi, nanga haijapata kuonekana na mtu yeyote humu, inasikika tu, na kuvuta kunataka mgongo, na mgongo anao yeye, na ishara zinataka mikono, mikono anayo, kinachotaka macho ni kule nyuma tu, kwenye usukani, ambako sijawahi kusimama nikitia nanga kwa sababu mwanaume wangu alikuwa na macho ya kozi... nikishika mimi nitagonga, nitapanda juu ya fungu la mchanga, watakuja kutazama na bilauri zao, wacha waje. Nanyoosha mkono kwenye reli, glavu bado ni mbichi kwa ndani, baridi ya Maine imebaki humo, navaa ya kulia, nakunja ngumi, naiinua.

Injini inapungua pale pale. Mara moja, bila hata pumzi kati, mikono ya mtu aliyeshusha watu gatini maisha yake yote bila kumwaga chai ya mtu, na mnyororo unalegea chini ya soli yangu na kutulia, tuko palepale tulipokuwa, hatujasogea hata kidogo, kijito ni kile kile, na naona namna mabega yake yanavyoshuka, kumbe yalikuwa juu muda wote, kumbe alikuwa anaogopa. "Imeshika?" anauliza. Hatuongei tukitia nanga. Amekuwa wa kwanza kuvunja kiapo, kwa sauti ndogo, siyo ya kivuko. "Imeshika," nasema, na sishushi ngumi, nataka aendelee kuiona, "Alden, kesho nashika usukani mimi. Wewe utakuja huku omoni." Ghislaine kule anapiga makofi, "Enhe! Hatimaye!" hajui anapigia nini. Nangoja aulize kwa nini, nimejiandaa, nina maneno yote ya shingo na ya daktari na ya Norfolk, nangoja atanie, nangoja akasirike, maji yanapita, injini inasemasema chini chini, na Alden anageuza kichwa upande kidogo, ananitafuta, ananipata.

"Basi niachie hizo glavu," anasema.