Dumu la Mama Damasi

Siku ya kuchangia damu kigangoni Sigino, fomu niliandika mimi. Nilikuwa nimetoka chuoni mwezi uliopita, najitolea katika kituo cha damu mjini Babati, na kila aliyekaa mbele yangu nilimwona shujaa. Mama Damasi, muuza maziwa, ambaye kwenye fomu nilimwandika Xaveria Tluway, alikaa huku anacheka.

"Namba ya simu, mama?"

"Yangu ilitumbukia kwenye maziwa, mwanangu. Andika ya katekista. Sisi wote simu zetu anapokea yeye."

Nikaandika ya Katekista Salvatory. Chini ya fomu palikuwa na swali: je, mchangiaji anakubali taarifa zake zitumwe kwa namba hiyo? Foleni ilikuwa ndefu. Nikaweka tiki bila kumsomea.

Wiki mbili baadaye kompyuta ya kituo ikatuma ujumbe: "Xaveria Tluway, fika kituoni haraka kuhusu majibu ya damu yako."

Katekista ni mtu mwema. Mgonjwa humtangaza aombewe, mbuzi akipotea humtangaza apatikane. Jumapili hiyo, baada ya matangazo ya ndoa, aliusoma ujumbe wote, akaurudia ili wa nyuma wasikie.

Jumatatu Mama Damasi alifika kituoni na dumu lake la maziwa. Lilikuwa limejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo hakuna aliyenunua hata kikombe. Niambie basi, nina nini?"

Nesi Genoveva, mkuu wetu, akafungua daftari. "Huna kitu, mama. Kichupa chako kilivunjika maabara. Tulitaka kukutoa damu nyingine tupime."

Akatolewa. Ijumaa majibu yakatoka: salama kabisa.

"Basi huyu kijana aje aseme hayo kanisani," Mama Damasi alisema. "Palepale waliposikia."

Genoveva alisita. "Majibu ya mtu hatuyatangazi, mama. Ni siri yake."

"Siri? Siri imebaki wapi, nesi?"

Tuliandika karatasi ya ridhaa. Safari hii nilimsomea kila mstari, polepole, naye akasikiliza hadi mwisho kabla ya kuweka sahihi. Niliamini kabisa kwamba ukweli ukisemwa wazi, watu watauelewa.

Jumapili nilisimama mbele ya waumini nikasema: Mama Damasi hana ugonjwa wowote, kosa ni langu na la kituo. Katekista alipiga makofi. Alipiga peke yake.

Nje, mama mmoja mwenye jagi tupu alikuwa akimwambia mwenzake, "Ugonjwa gani huo, mpaka ofisi imlete mtu kuukana?"

Mama Damasi alikuwa amekaa penye lango, mahali anapouzia kila baada ya misa, dumu kati ya miguu yake. Watu walimsalimia vizuri tu. Walipita.

Nikaomba nusu lita. Nikanywa nimesimama, kila mtu anione.

"Huyo kapewa posho anywe," sauti ikasema nyuma yangu. Wakacheka.

Nikanyoosha kikombe, nikaomba kingine. Nilikuwa nimeshiba, na machozi yalikuwa karibu. Mama Damasi alinitazama, akamimina kidogo sana.

"Taratibu, mwanangu," alisema. "Utapaliwa. Dumu zima huwezi kulimaliza wewe."