Sahihi ya Marehemu

Fundi wa makochi alikuwa amepiga magoti, misumari midogo imejaa mdomoni, akivuta kitambaa kwenye mgongo wa kochi, kiuno kilipokataa kunyooka. Akabaki hivyo hivyo mpaka binti yake alipokuja kumwinua. Kesho yake alikwenda benki kujiunga na mpango wa akiba ya uzeeni, ule wenye bango la mwanamke anayecheka: MAMA, PANGA KESHO YAKO.

Afisa wa benki alimpokea kwa heshima zote.

"Mzee yuko wapi, mama?"

"Alishafariki. Mwaka wa nne huu."

"Pole sana. Basi mwambie aje asaini. Utaratibu unataka sahihi ya mume."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliposikia hivyo alijitolea kusaini kwa niaba ya kaka yake. Lakini huyo ndiye aliyeachiwa pikipiki ya marehemu aitunze, ikarudi honi peke yake. Kumpa akiba ni kumkabidhi fisi bucha. Kwa hiyo fundi alikwenda makaburini na nyundo yake ya kazi, akagonga jiwe taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani.

Mumewe alitoka akijipangusa udongo.

"Kuna nini tena, mama watoto?"

"Unatakiwa benki."

"Mimi na hela? Si unanijua lakini!"

"Wewe kaa tu. Nitasema mimi."

Enzi za uhai wake alikuwa dereva wa lori, mcheshi, mtu wa watu, na mshahara ukikaa mfukoni ulimwasha kama upupu. Fundi alimwogesha, akamvisha shati la shemeji. Likampwaya. Binti alimwamkia, akaambiwa amekua, akarudi kwenye cherehani kumalizia foronya.

Benki, afisa alisimama wima kumlaki. Kiti cha wageni kilikuwa kimoja, akakikalia marehemu. Fundi alisimama nyuma yake.

"Karibu sana, mzee. Kipato cha familia kikoje?"

Marehemu akamgeukia mkewe. Mkewe akamnong'oneza. Marehemu akakisema kwa sauti, afisa akaandika.

"Na malengo yenu ya baadaye?"

Ikawa vile vile. Mfanyakazi wa usafi alipita akafagia udongo ulioanguka chini ya kiti, akawaomba wainue miguu.

"Wanaume wa aina yako wamebaki wachache," afisa alisema. "Mwingine yuko hai na hata hajali."

Marehemu akaweka sahihi. Njiani fundi alimshika mkono, ulikuwa baridi kama bomba la maji, akamuuliza kama hawezi kukaa angalau mpaka jioni. Akasema angependa, ila kule ameacha wazi, na majirani wa siku hizi si wa kuaminika.

Miaka ikapita. Fundi alipeleka akiba kila mwezi, hata ule mwezi binti alipoolewa, hata ule ambao mvua iliingia karakanani ikalowesha sponji zote. Vidole vilipokakamaa asiweze tena kushika nyundo, alirudi benki kudai chake. Afisa alikuwa yule yule, sasa na kitambi na ofisi yenye mlango.

"Malipo huanza mwenye akaunti akifikisha miaka sitini, mama. Mzee alifariki ana mingapi?"

"Arobaini na saba."

"Basi ndiyo aliyonayo. Marehemu hazeeki."

"Mimi nimeshazeeka."

"Wewe ni mletaji, mama. Mwenye akaunti ni mzee. Kwa kweli ana bahati, bado kijana."

Fundi alikwenda makaburini kumpa taarifa. Mumewe alisikitika sana. Alikaa naye ukingoni mwa kaburi mchana kutwa akijitahidi kuota mvi, amekunja uso, amebana pumzi ambazo hakuwa nazo. Hazikuota.

"Jaribu tena kesho," fundi alimwambia, akajiinua kwa kushika jiwe.

Anaendelea kujaribu. Fundi naye amerudi karakanani. Misumari anapigiliwa na binti, yeye anaelekeza. Na kila mwaka benki inamletea kadi nzuri ya kumtakia mzee heri ya kutimiza miaka arobaini na saba. Anampelekea mwenyewe, akiwa na nafasi.