Dakika Arobaini za Binti wa Fundi

Mwaka elfu mbili na kumi na tisa, wakati wa kiangazi, saa tisa alasiri, vumbi lilining'inia katika mwale mmoja wa jua ndani ya ghala lililogeuzwa klabu. Halikupanda, halikushuka. Lilingoja, kama alivyongoja yeye.

Walimwita Binti wa Fundi, kwa kuwa mama yake alikuwa fundi cherehani. Mwaka mmoja kabla, kwenye meza hii hii ya DJ, alishusha kitelezi cha sauti akidhani ni cha wimbo uliokwisha, kumbe ni cha wimbo uliokuwa ukirindima. Kosa la kidole kimoja. Ghala likawa bubu. Watu wakazomea. Meneja akamteremsha zikiwa zimebaki dakika arobaini za zamu yake, akamwambia akashone vifungo.

Na wimbo ule uliokatika ulikuwa umejengwa juu ya mlio wa cherehani ya mama yake. Aliuazima mlio huo, akaahidi kumsikilizisha mama wimbo huo hadi mwisho. Siku ile mama alikuwa amesimama mlangoni. Alimshika mkono, wakaenda.

Sasa amerudi kuzipiga dakika zake arobaini zilizobaki, na mama yu pale pale mlangoni. Meneja amesimama kando ya swichi kuu.

"Mwanangu, ukinyamaza tena, nazima umeme, na hapa hutakanyaga."

"Shikamoo, mjomba. Ishike vizuri swichi yako."

Piga, binti wa fundi, piga.

Akapiga. Besi nzito, kavu, fupi, ikitembea chini ya sakafu kama mtu mwenye haki yake. Mapigo mia na ishirini na sita kwa dakika, na juu yake kayamba za chuma, na sauti ya mwanamke iliyokatwakatwa ikabaki pumzi. Mabati yakatetemeka. Mabega ya wachezaji yakalegea, shingo zikakubali, jasho likatiririka bila kuomba ruhusa.

Piga, binti wa fundi, piga.

Dakika ya thelathini na tano akaingiza cherehani. Tak-tak-tak, tak-tak-tak. Wimbo ulipofika pale pale ulipokatika, akakitazama kitelezi kile kile, akamtazama meneja, akakishusha kwa makusudi.

Kimya.

Kidole cha meneja kikagusa swichi. Ndipo mlangoni mguu mmoja ukaanza kukanyaga, mguu uliozoea kanyagio la cherehani kwa miaka thelathini. Mtu wa pili akaudaka mdundo huo, wa kumi akaudaka, na ghala zima likashona sakafu kwa nyayo. Kimya kilichosubiriwa hakikuwapo tena. Meneja akarudisha mkono mfukoni.

Binti akakipandisha kitelezi. Besi ikarejea kama ukuta unaotembea, na vumbi la miaka yote likaachia dari, likajaa mwale wa jua, likacheza.

Chini ya vumbi hilo, binti hakugusa kitu. Aliuacha wimbo uende, mzima, bila kukatika tena, hadi mshono wa mwisho. Na mama, macho ameyafumba, akaupokea wote.