Bibi wa Kitanda cha Dirishani

Wiki ile tuliyomzika bibi yangu, mama mkubwa alinituma hospitali nikachukue chupa ya chai na bakuli tulivyovisahau wodini.

"Ukitoka huko, nenda moja kwa moja kwa dobi," alisema. "Ana kazi ya pasi, anakutaka kabla ya adhuhuri. Nimempigia magoti kwa ajili yako. Ukichelewa, Kobe, usiniletee machozi."

Kobe ni mimi. Jina lilianza nyumbani, likanifuata saluni, ambako wateja walisinzia nikiwa bado nachambua nywele, na mgahawani, ambako chai ilifika mezani imepoa. Kote nilifukuzwa bila ugomvi. Sikuiba, sikumjibu mtu vibaya, ila nilikuwa mzito. Niliwahi kumwambia mama mkubwa kwamba haraka haina baraka. Akasema, "Sawa, lakini mkate uliomo jikoni haungoji methali."

Mhubiri wetu hupenda kusema kila kiumbe kimeumbwa na kazi yake, hata sisimizi. Maneno hayo yaliniganda. Nikawa naomba: Mungu wangu, nionyeshe yangu, hata iwe ndogo. Niliomba nikifua, nikaomba nikiwa nimekaa na bibi wodini wakati wote ule wa kiharusi chake. Jibu sikupata. Nilipata maumivu ya mgongo.

Wodi ilikuwa vile vile, na harufu yake ya dawa ya sakafu na feni yake inayolalamika. Kitanda cha bibi kilikuwa na mtu mwingine, amegeukia ukutani. Nilikitazama mara moja, nikaangalia kando.

"Pole, mwanangu," akaita mgonjwa wa nyonga tuliyemwita Mama Redio, kwa kuwa hazimwi. "Bibi yako alikuwa mtu. Hakunijibu hata siku moja, lakini alijua kusikiliza."

Nikacheka.

Vyombo vyetu vilikuwa juu ya kabati la bibi wa kitanda cha dirishani. Yeye naye kiharusi kilimshika upande mmoja, kikaondoka na maneno yake. Ndugu zake wako mbali, na sikuwahi kuona mtu akimletea hata sabuni. Nesi alikuwa amemwinamia na kijiko, uji akiuchota kwenye bakuli letu, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Bibi, fungua mdomo. Bibi yangu, nina wodi nzima inaningoja."

Bibi alikaza midomo. Uji ukamchuruzika shingoni.

"Amegoma tangu jana," nesi akaniambia. "Daktari akipita jioni akakuta hajala, tutamrudishia mpira wa puani wa kulishia. Ule wa kwanza aliung'oa, ikabidi tumfunge mkono."

Aliposikia mpira, bibi alilikamata shuka kwa mkono wake mzima.

Nilimtazama koo, kisha shavu. Uji wa kijiko kilichopita ulikuwa bado umo mdomoni.

"Hajamaliza," nikasema. "Anahitaji kungojwa."

"Najua, mdogo wangu," nesi akajibu, si kwa hasira. "Sasa huo muda wa kungoja niutoe wapi?"

"Nipe mimi. Kidogo tu."

Nikamkalisha wima, mto mgongoni, kidevu kikielekea kifuani, kama nesi huyo huyo alivyonifundisha kwa bibi yangu. Nikamfuta shingo. Akameza. Nikachota uji wa ncha ya kijiko, nikauweka upande wake mzima, nikangoja. Unatazama koo. Likipanda na kushuka, unangoja tena, kwa sababu kuna kinachobaki nyuma.

"Amemeza?" Mama Redio akauliza.

"Bado."

"Lo! Mimi ningekuwa nimeshameza na bakuli."

Jua lililokuwa kitandani liliteremka sakafuni. Mgongo uliniwaka. Adhuhuri ilikuja, nikamfikiria dobi na pasi zake, nikamfikiria mama mkubwa na magoti yake. Bakuli lilikuwa nusu. Nikaweka kijiko chini, nikasimama. Labda dobi angenielewa.

Bibi alinitazama, akafungua mdomo mwenyewe.

Sikuwa nimemwomba. Nilibaki nimesimama, natamani mtu mwingine aingie mlangoni aseme nipishe. Hakuingia mtu. Nikakaa. Siku zote nilikuwa nimetega sikio nikidhani nitaitwa. Pale nilisikia mtu akimeza, basi, na nilikuwa nimechoka mno hata nisiweze kulishangaa hilo.

Uji ulipokwisha, nesi alilitazama bakuli, akamgusa bibi mguu. "Leo hakuna mpira, bibi yangu."

Mkono ukaliachia shuka.

"Na kesho?" nesi akaniuliza akikunja taulo. "Mshahara wa kukupa sina."

"Sijakuuliza mshahara. Nitakuja mchana."

Mama mkubwa nilimkuta mlangoni, mikono kiunoni.

"Dobi pasi amempa mwingine!"

"Najua, mama mkubwa."

"Ulikuwa wapi?"

"Wodini. Nilikuwa namlisha bibi wa kitanda cha dirishani."

"Mtu wetu tumeshamzika, Kobe. Huyo ni nani kwetu?"

Nikaketi kizingitini, nikavua viatu. Miguu ilikuwa imevimba. "Bakuli nitalirudisha kesho," nikasema. "Hana lake."

Mama mkubwa akanipokonya bakuli, akaenda kulisuuza kwa kelele nyingi kuliko maji. Aliporudi, ndani yake alikuwa ameweka kijiko cha chai, kile chembamba alichokuwa akimlishia bibi yangu mwanzoni, kabla hajaniachia mimi.

"Kazi ya asubuhi utaitafuta mwenyewe," akasema. "Magoti yangu yamechoka."

"Na yangu, mama mkubwa."

Akasogeza viatu vyangu kwa mguu, akakaa kando yangu.