Mpira Ulioandikwa Sita kwa Sifuri

Msimu wa 1903 timu ya chuo chetu cha Ohio haikushindwa hata mara moja, na nahodha nilikuwa mimi. Usinipongeze. Katika mpira wetu ule wa kubeba na kuangushana, mwenye mpira akilaliwa huita “Chini!”, na hapo kila mtu humwachia. Mechi ya mwisho, Emil Voss wa timu pinzani aliita akiwa topeni, mdomo wake sikioni mwangu. Nikampokonya mpira, nikakimbia nao hadi mwisho wa uwanja, tukapata pointi sita, za pekee katika mechi ile. Refa hakusikia kitu. Tukawa mabingwa.

Kwa desturi, matokeo yaliandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mpira wenyewe, nikakabidhiwa.

Miaka thelathini baadaye Emil aliingia dukani kwangu kununua misumari, akauona rafuni.

“Nahodha, siku ile ulinisikia?”

“Kelele zilikuwa nyingi mno, ndugu yangu.”

Akainamisha kichwa. “Basi kweli sikuita. Wenzangu wamenisuta miaka yote hii, nami nawabishia tu.”

Akaniomba msamaha kwa kunidhania vibaya. Nami, bila haya, nikamsamehe.